Shajara ya Daftari la Majibu: kidato cha nne, Mbagala

Mei, wiki ya mwisho

Mradi umeanza leo hapa Kizuiani, Mbagala, jijini Dar es Salaam, kwenye chumba ambacho asubuhi ni cha watoto wa chekechea. Mwenye chumba, mama tunayemwita Bibi Mwalimu kwa kuwa amewafundisha hata baadhi yetu, ametupa ufunguo wa kuanzia saa tisa alasiri kwa sharti moja, tusifute herufi alizoandika ubaoni. Tupo walimu wa Hisabati, Kemia, Baiolojia, Historia na Kiswahili, pamoja na wanachuo wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, wanaoishi Charambe, mmoja wa jiografia na mwingine wa uhandisi wa umeme. Mimi ni wa Hisabati, na shajara hii naiandika kwa niaba ya wote.

Kazi ni kuandaa daftari moja la maswali na majibu kwa watahiniwa wa mtihani wa taifa wa Novemba, kwa masomo wanayofanya watoto wengi wa huku kwetu. Vijitabu vya majibu matupu vimejaa tayari kwenye steshenari za eneo la Rangi Tatu. Unafungua unakuta "0.08 M", basi. Mtoto anaondoka akijua kwamba jibu lipo, ila hajui lilifikiwaje, na swali likibadilishwa namba moja hana pa kushika. Sisi kila jibu litaonyesha kwanza swali linadai nini, kisha kazi ya pembeni, kisha jibu kama linavyotakiwa kusomeka kwenye karatasi, na mahali alama zinapopatikana.

Maswali tunatunga wenyewe kwa mtindo wa Baraza la Mitihani. Kabla ya kutunga tunasoma taarifa ambazo Baraza hutoa zikichambua namna watahiniwa walivyojibu kila swali katika kila somo. Zile taarifa ni hazina, na inasikitisha kwamba wanafunzi wengi hawajawahi kuziona.

Niliulizwa kwa nini tusishike Hisabati peke yake, somo linaloangusha zaidi. Nikawapigia hesabu ya pointi. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, na huchukuliwa masomo saba yaliyo bora. Daraja la tatu linaishia pointi 25, la nne linaanzia 26. Mtoto mwenye 27 akiinua F mbili kuwa D mbili anafika 25, na daraja limebadilika. F hizo huenda ziko Kemia na Historia, wala si Hisabati. D huanzia alama 30, kwa hiyo mara nyingi anachohitaji ni alama chache alizoziacha mezani.

Juni, wiki ya pili

Kemia imepiga hatua. Mwalimu wa Kemia ameanza na titresheni, yaani kutafuta ukolezi wa besi kwa kuikutanisha na asidi, na nimependa alivyoipanga. Swali: sentimita za ujazo 25 za sodiamu haidroksaidi zimemalizana kabisa na sentimita 20 za haidrokloriki asidi ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita). Tafuta ukolezi wa besi. Moli za asidi ni 0.1 mara 0.020 (ujazo kwa lita), yaani 0.002. Mlinganyo unasema moli moja ya asidi kwa moli moja ya besi, hivyo besi nayo ni 0.002. Gawa kwa 0.025, unapata 0.08 M.

Halafu chini yake ameweka swali lile lile, ila asidi ni salfuriki. Namba hazijabadilika hata moja. Mlinganyo sasa unadai moli mbili za besi kwa moja ya asidi, kwa hiyo moli za besi ni 0.004 na jibu ni 0.16 M. Anayekariri kanuni ataandika 0.08 tena. Anayeanza kwa kuandika mlinganyo na kuusawazisha hatadanganyika. Tumekubaliana kwamba maswali pacha ya namna hii yatakuwepo kwenye kila somo, maana ndiyo yanayofundisha.

Swali la maji magumu limezua mjadala mzuri. Kila mtoto wa Mbagala anajua maji ya kisima ambayo sabuni haitoi povu, na birika linalojenga ukoko mweupe ndani. Wengi wakiulizwa sababu huandika "maji yana chumvi nyingi". Maarifa wanayo, alama hawapati. Jibu linataka ayoni za kalsiamu na magnesiamu zitajwe, kwa sababu ndizo zinazoungana na sabuni na kuacha utando usioyeyuka. Chumvi ya mezani ni ya sodiamu, nayo haifanyi hivyo. Kama ugumu ni wa muda, kuchemsha kunavunja kalsiamu haidrojeni kaboneti ikawa kalsiamu kaboneti, maji na kaboni dayoksaidi. Ule ukoko wa birika ndiyo kalsiamu kaboneti yenyewe. Ugumu wa kudumu, unaotokana na salfeti, hauondoki kwa moto. Unaongeza sodiamu kaboneti. Tumeamua birika liingie kwenye kazi ya pembeni, na kwenye karatasi ya mtihani zibaki ayoni na mlinganyo.

Juni, siku za mwisho

Fizikia. Mwanachuo wa umeme amechukua swali ambalo wengi hujibu kwa sentensi moja: kwa nini umeme husafirishwa kwa volti kubwa? Wanaandika "ili usipotee njiani", wanapata alama moja kati ya nne au tano. Kijana wetu amelifungua kwa hesabu. Chukua megawati 100 na waya wenye ukinzani wa omu 10. Kwa kilovolti 40 mkondo ni ampia 2,500, na nguvu inayopotea, mkondo kipeo cha pili mara ukinzani, ni megawati 62.5. Zaidi ya nusu imeishia kupasha waya moto. Pandisha hadi kilovolti 400: mkondo unashuka hadi ampia 250, upotevu unakuwa megawati 0.625. Volti mara kumi, upotevu umepungua mara mia.

Ameongeza sentensi kuhusu Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo umeme wake husafirishwa kwa kilovolti 400 hadi Chalinze. Watoto hawa wengi wana ndugu Rufiji. Wakiona kwamba swali la fizikia linahusu nguzo wanazozijua, wanalisoma mara ya pili. Upande wa transfoma, kifaa cha kupandisha na kushusha volti, haujaandikwa bado.

Julai, baada ya Sabasaba

Wiki ya maonyesho tulisimama. Barabara ya Kilwa haikupitika jioni, na hakuna aliyefika kwa wakati.

Tulipokutana tena tumefanya kazi ambayo kwangu ndiyo moyo wa daftari hili. Mwanachuo wa jiografia alileta swali la saa na longitudo, mimi nikaleta la dunia kama tufe, na tulipoyaweka mezani tukaona ni maarifa yale yale yanayoulizwa kwenye karatasi mbili. Wanafunzi huyasoma kama mambo yasiyojuana. Anayeyaweza Jiografia anayaogopa Hisabati, na kinyume chake.

La saa kwanza. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo nyuzi 15 kwa saa moja, au nyuzi moja kwa dakika 4. Greenwich ikiwa saa sita mchana, mahali palipo longitudo 45 Mashariki ni saa ngapi? 45 gawa kwa 15 ni tatu, na Mashariki ni kuongeza. Hapo wanafunzi wetu wanagawanyika. Wapo wanaoandika saa 9, kwa sababu ndivyo sisi tunavyosema, na msahihishaji akisoma 9 anaona kosa. Karatasi inataka 1500, au saa 3 kwa namna ya Kiingereza pamoja na alama ya alasiri. Tumeandika wazi: fikiri kwa saa yako uliyokulia, lakini kabla ya kuweka jibu pitia hatua ya kubadili, na hatua hiyo iandike.

Kisha tukauliza kuhusu Dar es Salaam yenyewe. Tupo karibu na longitudo 39 Mashariki. Nyuzi 39 mara dakika 4 ni dakika 156, yaani saa mbili na dakika 36. Kwa hesabu ya jua, Greenwich ikiwa adhuhuri sisi tungekuwa 1436. Saa zetu zinasema 1500, kwa sababu nchi nzima inafuata saa ya longitudo 45. Kigoma iko karibu na 30. Kati yetu na wao ni nyuzi 9, dakika 36. Aliyekuwepo mezani ambaye mama yake ni wa Ujiji, Kigoma, akasema ndiyo maana mwezi wa Ramadhani akipiga simu nyumbani baada ya kufuturu, anaambiwa wao bado wanasubiri adhana. Mfano huo tumeuweka daftarini kama ulivyo. Swali pacha lake: kama nchi yote inatumia saa moja, kwa nini jua halizami kwa wakati mmoja? Nimefurahi mno na swali hili, maana halijibiki kwa kukariri.

Upande wa Hisabati tumetumia longitudo hiyo hiyo 39. Dar es Salaam iwe latitudo 7 Kusini, Tanga iwe 5 Kusini, nusu kipenyo cha dunia kilomita 6,400, pai 3.14. Tofauti ni nyuzi 2. Mzingo ni kilomita 40,192, gawa kwa 360, zidisha kwa 2, unapata takriban kilomita 223. Wanafunzi hupotea mahali pawili. Wanajumlisha 7 na 5 wakati miji yote iko upande mmoja wa ikweta. Kujumlisha ni pale mji mmoja uko Kusini na mwingine Kaskazini. Halafu wakipewa miji miwili iliyo kwenye latitudo moja wanasahau kuzidisha kwa kosaini ya latitudo hiyo. Mmoja wa wanafunzi wanaotusaidia aliuliza mbona basi la Tanga huenda mbali zaidi ya hapo. Swali zuri. Basi linapita Chalinze na Segera. Hesabu inafuata uso wa tufe moja kwa moja, na latitudo zimekadiriwa kwa nyuzi kamili.

Yaliyokamilika hadi sasa: titresheni, maji magumu, volti, saa, tufe. Ramani ya 1:50,000 imeanzwa, sentimita 2 kwa kilomita moja, bado eneo kwa miraba.

Julai, mwishoni

Historia ina ugumu wa aina nyingine. Hapa njia haionekani kwa namba, na insha ya sehemu ya mwisho ina alama 15. Mwalimu wa Historia aliwapa wanafunzi wachache swali la Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani: eleza kwa nini vilishindwa. Karatasi zikarudi zimejaa. Kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi, ukatili wa maakida waliowekwa na Wajerumani, vyote sahihi, na vyote ni sababu za vita kuanza. Swali halikuuliza hilo. Mtoto ameona neno Majimaji akamimina kila alichonacho.

Alichofanya mwalimu ni kuandika maswali matatu kuhusu vita hivyo hivyo, moja la sababu, moja la kushindwa, moja la matokeo, na kuonyesha hoja ipi inakaa wapi. Kung'olewa kwa pamba Matumbi mwaka 1905 kunakaa kwenye kuanza. Imani kwamba maji ya dawa ya mganga Kinjekitile yangezuia risasi ina sehemu mbili: iliunganisha makabila, kwa hiyo inafaa kueleza kwa nini vita vilienea, ilipodhihirika haizuii, wengi walivunjika moyo, kwa hiyo inafaa pia kueleza kushindwa. Wajerumani kuchoma mashamba na maghala chini ya Gavana von Götzen ni sababu ya kushindwa. Njaa kubwa iliyofuata baada ya 1907 ni matokeo. Hoja moja inaweza kuingia maswali mawili, ila sentensi inayoifunga kwenye swali lazima ibadilike. Sentensi hiyo ndiyo yenye alama, na ndiyo watoto wanaiacha.

Barabara tunayokanyaga kila siku kuja hapa inaelekea Rufiji na Kilwa, upande ule ule wa milima ya Matumbi. Kwenye kikundi chetu yupo binti ambaye babu yake ni wa huko. Mwalimu amemwomba aandike jibu la matokeo yeye mwenyewe, na ameandika vizuri sana kuliko jibu tulilokuwa nalo. Lake ndilo litakalochapwa.

Agosti

Kiswahili. Watu wanadhani somo hili ni la bure kwa kuwa tunalizungumza. Kwenye uchambuzi wa sentensi ndipo alama zinapomwagika. Sentensi yetu ni "Wanafunzi waliofaulu watakwenda Kibaha". Kwa njia ya kimapokeo unatafuta kiima, "wanafunzi waliofaulu", na kiarifu, "watakwenda Kibaha", na humo Kibaha ni chagizo. Kwa njia ya kimuundo unaanza na S (sentensi), unashuka kwenye KN (kikundi nomino) na KT (kikundi tenzi). Wanafunzi wengi wanaanza na kiima kisha katikati ya mchoro wanaandika KT. Kila njia ni sahihi ikiwa peke yake. Tumeichambua sentensi moja mara mbili kwenye kurasa zinazotazamana. Ushairi bado, wanafunzi wanasimulia upya shairi badala ya kujibu, na mwalimu anatafuta njia ya kulionyesha hilo bila kutumia diwani ya mtu.

Baiolojia imekwenda haraka. Osmosisi tumeifundisha kwa samaki wa chumvi wa soko la Feri: chumvi huvuta maji kutoka kwenye seli za bakteria kupitia utando wao, bakteria hawawezi kukua, samaki haozi. Kwenye maswali ya tofauti tumesisitiza kulinganisha jambo kwa jambo. Ukisema ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, ina ukuta mnene, mbele yake andika ukuta wa veni, mshipa unaoirudisha, ni mwembamba. Usiruke kwenda kwenye vali. Tofauti yenye upande mmoja haina alama.

Septemba, baada ya jaribio

Tumewapa wanafunzi wa mtaani sura za kwanza, kisha karatasi ya kufanya kwa muda wa mtihani. Jambo lililonigusa ni muda. Saa tatu ni dakika 180 kwa alama 100, kwa hiyo alama moja ni kama dakika 1.8. Swali la Hisabati la alama 6 lina dakika 11 hivi, la alama 10 lina 18, insha ya 15 ina 27. Hakuna aliyewahi kuwaambia. Kijana mmoja hodari alikaa kwenye swali moja la trigonometria mpaka karatasi ikaisha, na maswali mawili ambayo angeyapata bila shida yakabaki meupe. Sasa kila jibu daftarini lina dakika zake pembeni.

La pili ni lugha. Isipokuwa Kiswahili, karatasi hizi ni za Kiingereza. Wanafunzi wanatueleza jibu kwa mdomo, wamelielewa, kisha kalamu inakwama. Baadhi yetu walitaka tuandike majibu ya Kiingereza kizuri kirefu. Nilipinga na bado napinga. Mtoto hawezi kuazima sentensi ya mistari minne akiwa ndani ya chumba cha mtihani. Tumekubaliana: fikra za kazi ya pembeni kwa Kiswahili, na jibu la karatasini kwa sentensi fupi za Kiingereza, jambo moja kwa sentensi moja, ambazo mwanafunzi wa kawaida anaweza kuziunda mwenyewe. Mwalimu wa Kemia amerudi kuandika upya sura yake yote. Binti wa Historia anamsaidia.

"Shikamoo mwalimu, naomba lile la saa tena," ndivyo wanavyoingia siku hizi. Wanaliomba hilo kuliko lolote.

Oktoba, wiki ya kwanza

Daftari linachapwa kwa mafungu, karatasi za A4 pande zote mbili, kwa kuwa wanafunzi wengi hawana simu. Kila kikundi cha mtaani kinapata nakala moja, na kiongozi wake anaitunza. Wenye simu wanapata faili kwenye kundi la WhatsApp. Tumeondoa picha ili isile bando.

Yaliyobaki: transfoma, ushairi, na barua rasmi kwa somo la Kiingereza. Fungu la Uraia limeandikwa na mwalimu wa Historia, lina maswali pacha kuhusu Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa 26 Aprili 1964, moja la sababu na moja la changamoto, ila halijasomwa na mwalimu wa Uraia. Ameahidi kulirudisha Jumatano. Likirudi, Alhamisi linakwenda steshenari, na Ijumaa baada ya swala nakala zinapelekwa Chamazi na Charambe. Bibi Mwalimu ameomba nakala moja ya Hisabati ibaki chumbani, kwa ajili ya wanaokuja kusoma jioni hata siku ambazo sisi hatupo.